Nairobi, London, Singapore ama Dubai: ukiwa Malindi unauza mali nje, kesi yako uiweke wapi?

Nianze na pweza, manake bila huyo pweza haya maneno ya usuluhishi wa kimataifa, yani ugomvi kuamuliwa na mtu mliyemchagua wenyewe badala ya korti, ningekuwa nayasikia redioni tu kama watu wengine. Mjomba wangu yuko hapa Malindi, ananunua pweza kwa wavuvi wa Ngomeni na Mambrui, anagandisha, anapeleka Italia. Kuna jamaa wa kule wamefanya kazi miaka, hata karatasi walikuwa hawaangalii, ni simu na WhatsApp tu, alafu shehena moja ikafika jamaa akasema mali si nzuri, akakata yuro 18,000 kwenye pesa ya mjomba na simu akaacha kushika.

Mkataba upo. Mimi ndiye niliyeuchapa, na nikisema niliuchapa ni kwamba nilichukua ule wa zamani nikabadilisha tarehe na bei basi, ukurasa wa mwisho hata sikuuangalia, kwani nani huangalia. Kifungu cha 17: ugomvi wowote utaamuliwa na wasuluhishi watatu, makao Milano, lugha Kiitaliano. Wakili tuliyemwendea alikisoma mara mbili, akageuza bahasha akaanza kuandika nyuma yake, ada ya kufungua, wasuluhishi watatu kila mmoja na saa zake, mtafsiri, wakili wa kule, akafika chini akapiga mstari na hata hakujumlisha. Akamwambia mjomba, "Mzee, hii hata ukishinda umepoteza." Mjomba akaomba maji ya kunywa. Pesa ile mpaka leo haijarudi na hatukufungua chochote.

Tangu siku hiyo mkataba mimi nausoma kuanzia mwisho. Na watu huniletea, mwenye villa Casuarina kapewa karatasi na ajenti wa watalii, kijana wa Lamu kapata kazi ya kupeleka mawe kwa kontrakta wa nje, dada mmoja anapeleka korosho Dubai, na swali lao ni hilo hilo, hapa kwenye usuluhishi niandike wapi? Mimi si wakili, hilo mlijue mapema, mkataba wa pesa nyingi mpelekee wakili. Lakini haya nimeyalinganisha sana na msimamo ninao.

Kwanza, kwa nini usiandike korti ya Malindi tu, iko hapo mjini unaenda kwa tuktuk. Kwa watu wa hapa kwa hapa, sawa kabisa, nenda. Shida ni mwenzako akiwa na mali yake yote ng'ambo. Hukumu ya korti ikivuka mpaka inategemea nchi na nchi zimeelewana nini, na Kenya orodha yake ya nchi za kusajiliana hukumu ni fupi, Uingereza imo, Tanzania, Uganda, Rwanda zimo, Italia haimo. Uamuzi wa msuluhishi una njia yake nyengine, ule mkataba wa New York wa 1958, nchi zaidi ya 170 zimeingia. Tanzania iliingia 1964, Italia 1969, Uchina 1987, Kenya 1989, Falme za Kiarabu 2006. Hio ndio siri yote ya hii biashara, mengine ni mapambo.

Na inavyofanya kazi si mazingaombwe. Chukua Italia. Ukishinda kwa msuluhishi aliyekaa Nairobi, unapeleka maombi kwa rais wa Mahakama ya Rufani ya eneo anakoishi yule mdeni wako, unaweka nakala iliyothibitishwa ya uamuzi na nakala ya mkataba wenye kile kifungu, pamoja na tafsiri ya Kiitaliano iliyothibitishwa. Hatua ile ya kwanza mdeni hata haitwi. Baadaye ana siku 30 za kupinga, na sababu za kupinga zimehesabiwa, kwamba hakupewa taarifa, msuluhishi alivuka mipaka yake, mambo ya namna hiyo. Kama pweza alikuwa mzuri ama mbaya hilo halifunguliwi tena. Nilipolielewa hili ndio nikajua swali la kwanza kujiuliza ni pesa yake iko wapi na huo uamuzi utafika huko? Mji wa kifahari ni swali la mbali.

Jambo la pili ambalo watu wanachanganya kila siku ni makao na mahali pa kukaa. Makao ya usuluhishi ni kama bendera ya jahazi. Jahazi limesajiliwa Lamu hata likitia nanga Zanzibar ama Mogadishu sheria yake ni ya kwao. Ukiandika makao Nairobi, sheria inayoshika kesi ni ya Kenya na korti inayoweza kufuta uamuzi ni ya Kenya, lakini kusikilizana mnaweza kusikilizana kwa video, msuluhishi yuko Kigali, mmoja yuko Watamu, mwengine Bologna. Tangu korona hii imekuwa kawaida, ICC, ile chemba ya biashara ya kimataifa ya Paris si ile korti ya The Hague, waliiweka wazi kwenye kanuni zao za 2021, na mwaka 2020 Africa Arbitration Academy walitoa mwongozo wa vikao vya video kwa hali ya Afrika, yani waliofikiria kwamba intaneti inaweza kukatika katikati ya shahidi. Kwetu Pwani hii ni faida kubwa kuliko wanavyojua. Zamani "London" maana yake viza na nauli, sasa hivi ni karatasi na kompyuta. Kwa hivyo nikisema mji hapa chini namaanisha bendera, usianze kupiga hesabu ya ndege.

NAIROBI

Kuna kituo cha NCIA, kimeanzishwa kwa sheria ya 2013, kanuni zake ni za 2015. Sheria mama ni ile ya usuluhishi ya 1995, imefuata mfano wa UNCITRAL, tume ya sheria za biashara ya Umoja wa Mataifa, kwa hivyo mgeni akiisoma haimshtui. Ada inapanda kulingana na madai, mawakili tunao, wasuluhishi wa Kenya ni wengi na wako vizuri, chama chao cha CIArb kina tawi hapa tangu 1984. Na msuluhishi wa hapa ukimwambia kusi lilikuwa linavuma mashua hazikutoka hahitaji mtaalamu wa hali ya hewa.

Uzuri mwengine ni kipengele cha 6 cha ile sheria. Mtu akikimbilia korti na kwenye mkataba kuna usuluhishi, wewe unaomba kesi isimamishwe muende kwa msuluhishi. Lakini sikiliza hapa manake watu wameangukia, hayo maombi uyalete si baada ya ile siku unapojitokeza kortini kujibu. Ukishajibu jibu ukajieleza umeingia mwenyewe, mlango umefungwa.

Ubaya sasa. Ubaya wa Nairobi ni hofu ya kwamba ukishinda, mwenzako ataupeleka uamuzi Korti Kuu akitaka ufutwe, ana miezi mitatu, na hapo utazunguka. Kesi ambayo kila mtu huitaja ni ya Nyutu Agrovet na Airtel. Nyutu alipewa na msuluhishi zaidi ya shilingi milioni 541, Korti Kuu ikafuta, akaenda Korti ya Rufani ikasema haiwezi kumsikiliza, ikafika Supreme Court na Desemba 2019 wakasema rufaa inawezekana lakini kwa tundu la sindano, mpaka jaji wa Korti Kuu awe ametoka nje ya sababu zilizo kwenye kipengele cha 35 na akaamua kitu kibaya waziwazi chenye kufunga mlango wa haki kabisa. Wako wanaosema hilo tundu litapanuka kila mwaka. Wako wanaosema ni lazima liwepo, la sivyo jaji mmoja akikosea umekwisha. Mimi niko na hawa wa pili, ila ukweli ni kwamba mnunuzi wa nje akisoma hio kesi anakunja uso, na pia anaona Nairobi ni nyumbani kwako. Ungekuwa wewe ungekubali Milano? Mimi nilikubali bila kusoma, lakini hio ni habari nyengine.

LONDON

London ndio jina. Kwenye tafiti za chuo cha Queen Mary kila zikitoka London iko juu, ile ya 2021 ilifungana na Singapore kila mmoja 54 kwa mia. Kituo cha LCIA mizizi yake ni 1892, enzi hizo hapa kwetu Waingereza ndio kwanza wanakanyaga. Na sheria wameifanyia ukarabati, Arbitration Act 2025 imeanza kazi tarehe 1 Agosti 2025. Kitu kikubwa ndani yake kwa mtu kama sisi: kama hamkusema wazi ni sheria ya nchi gani inashika kile kifungu cha usuluhishi, basi ni sheria ya makao. Kabla ya hapo watu walikuwa wanalumbana mwaka mzima juu ya swali hilo pekee, na pesa inakwenda. Pia msuluhishi amepewa nguvu ya kutupa mapema dai ambalo halina miguu, na wajibu wa kutangaza kama ana uhusiano na upande wowote sasa umeandikwa kwenye sheria yenyewe.

Alafu kuna ile kesi ya Nigeria na P&ID, ambayo kwangu mimi ndio kesi ya kusimulia watoto. Kampuni ilifanya mkataba wa gesi na serikali 2010, mradi haukujengwa, wasuluhishi wakakaa London na 2017 wakaipa kampuni dola bilioni 6.6, riba ikapandisha mpaka kama bilioni 11. Nchi nzima ilikuwa inadaiwa kwa mtambo ambao haupo. Oktoba 2023 jaji wa London akaona mkataba ulipatikana kwa hongo, na kampuni ilikuwa imepata hadi karatasi za siri za mawakili wa Nigeria, akaamua uamuzi ule ulipatikana kwa udanganyifu. Kuna mtu ataona hapo London imethibitisha uzuri wake, korti ilisafisha. Mwengine ataona wasuluhishi watatu wenye majina walikaa na ule uchafu mbele yao hawakuuona manake upande wa Nigeria haukujitetea vizuri. Yote mawili ni kweli, na la pili ndilo la kukumbuka, msuluhishi si polisi, usipoleta kitu mezani yeye hatakitafuta.

Kwa pweza wa yuro 18,000 London ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ya kitoweo cha mtu mmoja. Kwa mkataba wa mamilioni ya dola, bima ya meli, mafuta, iandike na hutalala vibaya.

PARIS, YANI ICC, NA WATU WA LAMU

Hapa nazungumza na wale wa Lamu waliopata kazi ndogo ndogo chini ya makontrakta wakubwa tangu gati la kwanza lifunguliwe Mei 2021. Ndugu zangu, mikataba mnayopewa mara nyingi imekatwa kutoka vitabu vya FIDIC, yani mikataba ya mfano ya ujenzi ya chama cha kimataifa cha mainjinia, na wengine hata hawajui. Ile ya 1999 inakupeleka ICC na wasuluhishi watatu kama hamkukubaliana vyengine. Lakini kabla hujafika huko kuna ngazi: dai lako ulitoe kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu ujue tatizo, likishindikana liende kwa bodi ya ugomvi ambayo ina siku 84 za kuamua, usiporidhika una siku 28 za kusema huridhiki, alafu siku 56 za kujaribu kupatana. Ile 28 ya kwanza ndio inayoua watu. Kijana mmoja alikuja kwangu na picha za mawe yaliyokataliwa, nzuri kabisa zina tarehe, miezi mitano nyuma. Miezi mitano! Hajaandika hata imeli moja, alikuwa anampigia simu injinia.

ICC yenyewe ina heshima, ipo tangu 1923, uamuzi wake unapitiwa na korti yao kabla ya kutoka kwa hivyo makosa ya kijinga yanapungua. Kufungua tu ni dola 5,000 na hairudishwi, hio ni zaidi ya laki sita za Kenya hujasema neno. Nafuu ni ule utaratibu wa haraka walioanzisha 2017, kwa mikataba ya kuanzia 2021 unashika madai hadi dola milioni 3, msuluhishi mmoja hata kama mkataba umesema watatu, na uamuzi utoke ndani ya miezi sita tangu kikao cha kupanga kesi. Kama kontrakta amekataa kubadilisha ICC, usipigane naye, hakikisha tu hajaandika ule utaratibu wa haraka uondolewe.

SINGAPORE

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo. Mimi nilidhani Singapore ni ya matajiri wa Asia, haituhusu. Kanuni mpya za kituo chao cha SIAC zilizoanza tarehe 1 Januari 2025 zina njia nyepesi kwa madai yasiyozidi dola milioni 1 za Singapore, na hio ni pesa ambayo wauzaji wengi wa hapa hawajawahi kuiona kwa mkataba mmoja. Msuluhishi mmoja, kwa kawaida karatasi tu hakuna kikao, uamuzi ndani ya miezi mitatu tangu msuluhishi akae, na ada za msuluhishi na kituo hazizidi nusu ya kile kiwango cha juu cha kawaida. Inaingia yenyewe ikiwa dai liko chini ya hicho kiasi, msipoikataa kwenye mkataba.

Soma tena hapo. Hii wameitengeneza kwa ugomvi mdogo, na ndipo dunia inakoelekea, UNCITRAL nao walitoa kanuni zao za haraka 2021, kila kituo kinakimbizana nani atamaliza upesi. Miaka kumi iliyopita mtu mdogo alikuwa hana nafasi kabisa kwenye haya mambo. Na mnunuzi wa Ulaya ukimtajia Singapore hakunji uso, si kwako si kwake.

Ubaya wake ni kwamba kila kitu kimo kwenye karatasi. Kama ushahidi wako ni "kila mtu Mambrui anajua", umeshindwa asubuhi. Na ukitaka wakili wa kule ujue saa yake inauzwaje.

DUBAI

Kwa anayeuza Dubai inaingia akilini, mali ya mdeni iko pale pale, unashinda na unakamatia pale pale. Ila kagua jina. Septemba 2021 walitoa amri namba 34 wakakifuta kituo kilichoitwa DIFC-LCIA, usiku mmoja, mambo yake yakahamishiwa kituo kingine cha hapo hapo, DIAC. Mikataba ya zamani bado ina jina la marehemu. Yule dada wa korosho ndio alikuwa nayo, amepewa na mnunuzi wake 2023, kituo kimekufa miaka miwili, watu wananakili tu! Ukiletewa hio usiseme ah itaeleweka, kuna watu wamelumbana makorti ya nchi tofauti kama kifungu cha namna hiyo kina uhai ama la. Rudisha, waandike DIAC, na waseme wazi makao ni wapi, manake Dubai ina sheria mbili, ya Falme za Kiarabu na ya ule mtaa wa fedha wa DIFC wenye sheria zake wenyewe za mfano wa Kiingereza.

Kigali naitaja kwa haraka, kituo cha KIAC kiko tangu 2012, watu wanakisifu kwa usafi wa kazi, na kama unauziana na mtu wa Uganda ama Kongo ni pazuri. Usuluhishi usio na kituo kabisa, mnachagua mtu wenu mnafuata kanuni za UNCITRAL, ni rahisi kama mnaelewana, lakini kama mnaelewana mnagombana nini? Mmoja akigoma kuchagua msuluhishi unaanza tena kuzunguka kutafuta mamlaka ya kumteua.

MAMBO MAPYA AMBAYO YATAKUGUSA UWE UMECHAGUA WAPI

Akili bandia. Ngoja nirudi kwa pweza. Tulipokuja kuuliza hasa jamaa wa Italia anasema nini, alitoa sauti ya WhatsApp ambayo mvuvi wetu alimtumia mjomba na mjomba akaisukuma kwake kumfurahisha, yule mvuvi anasema "hawa wameregea vizuri kabisa." Kila mtu wa hapa anajua pweza akipigwapigwa huregea, nyama inalainika, hio ni sifa. Jamaa akaitia kwenye programu ya kutafsiri, ikamwambia hawa pweza wamerudi. Kwa hivyo msimamo wake ni kwamba tumemuuzia mali iliyokataliwa na mtu mwengine ikarudishwa! Na kusema kweli programu haikukosea sana, kwetu kuregea ni kulainika na pia ni kurudi, inategemea unaongea nini. Lakini ndio ushahidi wake huo, sentensi moja.

Sasa fikiria msuluhishi mwenyewe anatumia hizo programu. Marekani mwaka 2025 kuna mtu alipeleka maombi korti ya shirikisho huko California akitaka uamuzi ufutwe kwa sababu anadai msuluhishi alimwachia akili bandia kazi ya kuandika. Shirika la usuluhishi la AAA-ICDR la huko huko mwaka huo huo limeleta msuluhishi wa akili bandia kwa kesi za ujenzi za karatasi tupu, na binadamu anapitia kabla ya kutoka. CIArb walitoa mwongozo wao 2025, kituo cha usuluhishi cha Silicon Valley walitoa wao 2024, na yote inazunguka hapo hapo, msuluhishi asikabidhi uamuzi kwa mashine. Mimi siogopi mashine kusoma invoisi. Naogopa mashine kusoma Kiswahili cha Mambrui. Kwa hivyo popote utakapochagua ongeza mstari: hati na sauti za Kiswahili zinakubalika, na zikibishaniwa zitafsiriwe na mtu. Haigharimu kitu kuandika.

Kufadhiliwa kesi. Kuna makampuni yanakulipia kesi nzima, ukishinda wanachukua fungu. Singapore waliruhusu 2017, Hong Kong 2019, Nigeria wameiweka kwenye sheria yao mpya ya 2023. Kenya hatuna sheria ya wazi na wakili hapa haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba alipwe tu mkishinda. Usihangaike sana, hao wafadhili wanatafuta madai ya mamilioni ya dola, pweza hawamwangalii.

Upatanishi kwanza. Huu ndio mtindo, mkae na mpatanishi kabla ya msuluhishi, na mkataba wa Singapore wa upatanishi unaofanya kazi tangu Septemba 2020 unataka makubaliano ya namna hiyo yavuke mipaka kama uamuzi wa msuluhishi, kwa nchi zilizoingia. Kwetu si kipya, wazee wamekaa mkekani na kahawa tangu zamani wakigawanya hasara ya jahazi. Ila kwenye mkataba weka siku, 30 zinatosha, ukiandika tu "wajaribu kwanza kupatana kwa moyo mwema" bila tarehe umempa mdeni uwanja wa kucheza, atakuwa anapatana mpaka Ramadhani nyengine.

Na haya makesi ya wawekezaji kushtaki serikali ICSID, kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, watu hupenda kuyaleta kwenye mazungumzo, kama ile kampuni ya Cortec na madini ya mlima wa Mrima kule Kwale ambayo ilidai Kenya na 2018 ikaambiwa leseni yako hukuipata kisheria, hata tathmini ya mazingira hukufanya, nenda. Tamu kusimulia. Lakini wewe na ajenti wa villa hamhusiani nayo.

SASA UNIKAMATE MANENO

Mkataba mdogo na mtu wa Ulaya: jaribu Nairobi kwa kanuni za NCIA, msuluhishi mmoja, Kiingereza, vikao vya video. Akikataa mpe Singapore kabla hajakutajia mji wake. Villa na ajenti wa watalii vivyo hivyo, ila kwa villa mimi ningedai pesa mapema kuliko kudai kifungu kizuri, diposi mkononi haihitaji msuluhishi. Mnunuzi wa Dubai, DIAC na makao yaandikwe. Kontrakta mkubwa, ICC yake mwachie na uhesabu siku 28. Mkataba wa mamilioni ya dola, London ama Singapore na wakili wa kweli, si mimi. Na popote usikubali wasuluhishi watatu kwa mkataba mdogo, hilo nalisema kama mtu aliyeona ile bahasha.

Mjomba sasa ana mnunuzi mpya. Safari hii niliandika ukurasa wa mwisho kwanza, Nairobi, mmoja, video, Kiswahili kinakubalika. Karatasi ikarudi Nairobi imekatwa kwa kalamu nyekundu imeandikwa Singapore, mengine yote kayaacha. Mjomba alikuwa kwenye friza mikono imejaa barafu, nikamsomea. Akauliza Singapore tutaendaje, nikamwambia hatuendi popote. Akauliza huyo msuluhishi wa kule atajuaje kuregea ni nini. Nikageuza ukurasa nikamwonyesha kifungu cha 17, sehemu ya mwisho, maana ya maneno: "kuregea" ni hali ya nyama ya pweza kulainika baada ya kupigwa. Akafuta mkono kwenye kikoi akatia saini.